Picha na Maneno Yake

Kwa miaka 38 kazi yangu ilikuwa ni maneno. Niliingia darasani mara ya kwanza mwaka 1971 nikitoka chuo cha ualimu, nikiwa na sanduku la bati na mkoba wa zana za kufundishia, na nikastaafu ualimu mkuu mwaka 2009. Katika muda wote huo nilishika picha mbele ya watoto na kuwauliza, "Mnaona nini hapa?" Mkufunzi wetu chuoni alikuwa ametuonya tusimwambie mtoto picha inasema nini kabla ya kumwuliza anachokiona. Niliamini kwamba onyo hilo nimelielewa. Nililielewa sawasawa nikiwa na umri wa miaka 74, ugenini, mbele ya kompyuta ya binti yangu.

Ilikuwa mwaka 2023, katika mji wa Bonn, Ujerumani. Jina la mji huo halikuwa geni kwangu. Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle, iliyoanza kutangaza mwaka 1963, ina makao yake Bonn tangu shirika hilo lilipohama Köln mwaka 2003, na mimi ni msikilizaji wa siku nyingi. Lakini kulisikia jina la mji ni jambo moja, na kuisikia baridi yake mwezi wa Machi ni jambo jingine. Wiki ya kwanza nilitoka nje mara mbili tu.

Binti yangu ni muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee. Siku ambazo hana zamu huchukua kamera. Hapigi picha za harusi wala za ubatizo. Picha zake huzipeleka kwenye ghala la picha, yaani kampuni inayokusanya mamilioni ya picha za watu mbalimbali, kisha ikawauzia ruhusa ya kuzitumia watengenezaji wa magazeti, kalenda, matangazo na vitabu. Mnunuzi hamjui mpigaji, na mara nyingi mpigaji hajui picha yake imekwenda wapi. Ruhusa moja inapouzwa yeye hupata mgawo wake, ambao huenda ukawa senti chache tu za dola, lakini picha moja yaweza kuuzwa mara nyingi. Haba na haba hujaza kibaba. Kibaba hicho ndicho kilichokuwa kikimsaidia kulipa ada ya mtoto wa marehemu kaka yake, mjukuu ninayeishi naye nyumbani Songea. Nalisema hili mapema kwa sababu lina uzito katika habari ninayoisimulia.

Biashara yenyewe si mpya. Nilisoma huko habari za Otto Bettmann, aliyekuwa mtunza vitabu mjini Berlin. Alikuwa Myahudi, na Wanazi walipomfukuza kazi aliondoka Ujerumani mwaka 1935 akiwa na masanduku yaliyojaa picha, akaanzisha hifadhi yake New York mwaka 1936. Mchapishaji aliyehitaji picha ya daktari wa kale au ya gari la moshi alikwenda kwake. Mwaka 1995 hifadhi hiyo, iliyokuwa imefikia mamilioni ya picha, ilinunuliwa na Corbis, kampuni ya Bill Gates. Nilipoisoma habari hiyo nilijiuliza swali la kiualimu: katika mamilioni hayo, mtu anaipataje moja?

Binti yangu alinijibu kwa neno moja, "Maneno, Baba." Kompyuta ya ghala haitafuti kwa macho kama mimi na wewe, ndugu msomaji. Mnunuzi huandika neno, na ghala humletea picha zilizofungwa neno hilo. Kwa hiyo kila picha hupewa kichwa kifupi cha habari na orodha ya maneno ya kutafutia. Maghala mengi huweka kikomo cha maneno kama 50 hivi kwa picha moja, na yapo yanayotoa uzito zaidi kwa yale yaliyotangulia katika orodha. Maneno huandikwa ndani ya faili la picha lenyewe, kwa utaratibu uliowekwa na IPTC, baraza la vyombo vya habari lililoundwa London mwaka 1965, hata picha ikihama kutoka kompyuta hii kwenda ile huenda na maneno yake. Picha nzuri isiyo na maneno ni sawa na barua isiyo na anwani.

Yeye alipenda kupiga, ila kazi ya kuandika maneno ilimchosha, hasa akitoka zamu ya usiku. Nami nilikuwa nimekaa bure. Tukakubaliana kwamba mimi nitazame picha na kuandika kwa Kiswahili kila ninachokiona, naye ayageuze kwa Kiingereza. Ndivyo nilivyorudi kazini.

Msimu ulikuwa ni wa machipuko, nami nilishangaa kugundua kwamba picha nyingi za machipuko alikuwa amekwisha kuzipiga kabla msimu haujafika. Wanunuzi hutafuta mapema. Mwenye kutengeneza tangazo la Pasaka huanza kulihangaikia theluji ikiwa bado chini. Kwa hiyo Februari alinunua tulipu dukani, akatandika kitambaa cheupe mezani karibu na dirisha, akapanga mayai yaliyopakwa rangi, na upande mmoja wa picha akauacha mtupu ili mnunuzi apate mahali pa kuandika maneno yake. Hata ule utupu una neno lake katika orodha! Nilicheka, nikamwambia, "Mwanangu, machipuko haya umeyanunua kwa bei gani?" Akacheka pia. Lakini baadaye niliona kwamba hakukuwa na uongo hapo. Aliandika tulipu, meza, mayai, dirisha, na vyote vilikuwapo.

Mgogoro wetu wa kwanza ulitokea juu ya neno "machipuko" lenyewe. Wajerumani wanalitumia kwa uangalifu kuliko nilivyodhani. Idara yao ya hali ya hewa huugawa mwaka katika majira 10 kwa kufuata mimea badala ya kufuata tarehe, na machipuko peke yake ni majira matatu. La kwanza huanza kichaka cha heseli kinapotoa maua, baridi ikiwa bado kali. La pili huanza ua la manjano la forsithia linapofunguka. La tatu huanza mtufaha unapochanua. Mimi nilikuwa nimelikosa la kwanza, lakini la pili nililiona mwishoni mwa Machi katika ua wa jirani, na la tatu nikaliona kabla Aprili haijaisha. Basi binti yangu alipotaka kuweka neno "Pasaka" kwenye picha ya mtufaha, kwa kuwa neno hilo lina wanunuzi, nilimkatalia. Pasaka ya mwaka ule ilikuwa tarehe 9 Aprili, na mti ule ulikuwa bado haujachanua. "Lakini Baba, nani atajua?" akaniuliza. Nikamwambia, "Mti unajua." Alinyamaza, akalifuta.

Hata hivyo, usiku ule nilijihukumu. Mimi niliyekuwa nikitetea ukweli wa majira nimefundisha kwa miaka mingi, kutoka kitabuni, kwamba mwaka una masika na vuli. Watoto wa Songea walikariri hivyo na wakapata vema. Lakini kwetu Songea mvua ni za msimu mmoja, huanza Novemba au Desemba zikaisha Aprili au Mei. Mvua mbili ni za pwani na za kaskazini. Mtoto mmoja aliwahi kuniuliza vuli yetu iko wapi, nami nikamwambia akae chini. Kumbe alikuwa ameangalia nje ya dirisha, wakati mimi nikiangalia kitabu.

Katika nusu ya pili ya Aprili maua ya cheri yalichanua. Katika mji mkongwe wa Bonn upo mtaa uitwao Heerstraße, ambao ulipandwa miti ya cheri pande zote mbili katika miaka ya 1980. Matawi yake hukutana juu ya barabara, na kwa muda wa wiki mbili hivi mtu hupita chini ya dari la waridi. Watu hutoka mbali kuja kuutazama, na karibu kila mmoja ana kamera. Binti yangu alinipeleka asubuhi mapema siku ya kazi ili tuwatangulie. Alifanya kazi kwa taabu, maana ghala halikubali picha yenye nembo ya duka, namba ya gari au sura ya mpita njia asiyetoa ridhaa. Mimi nilichoka, nikaketi kwenye benchi, nikaegemea fimbo yangu na kufumba macho. Petali zilikuwa zikianguka juu ya kofia yangu. Alinipiga picha bila mimi kujua.

Ilikuwa picha nzuri. Nalisema hilo ingawa mwenye sura ni mimi. Aliniomba ridhaa, nikajaza fomu kwa kalamu yangu, nikatia sahihi. Kisha akaiingiza kwenye programu mpya aliyokuwa akiijaribu, ambayo hutazama picha na kupendekeza maneno yenyewe. Nikamwomba anisomee. Akasoma: mzee, mwanamume, Mwafrika, benchi, maua, cheri, waridi, machipuko. Halafu akapunguza sauti: mpweke, huzuni, mhamiaji, mkimbizi, umaskini.

Sikusema kitu kwa muda. Koti nililovaa alikuwa amelinunua yeye mwenyewe, tena halikuwa la bei rahisi. Nilikuwa nimekuja kwa viza ya kutembelea, nikiwa na tikiti ya kurudi. Mashine haikujua lolote kati ya hayo. Ilikuwa imeona ngozi nyeusi, mvi na benchi la Ulaya, ikamalizia hadithi yenyewe. Binti yangu akafuta "mhamiaji", "mkimbizi" na "umaskini" bila kuniuliza, akisema kwa hasira kwamba huo ni uongo mtupu. Lakini mkono wake ukasimama kwenye "mpweke" na "huzuni".

"Baba," akasema, "samahani. Haya mawili wanunuzi huyatafuta sana. Magazeti ya afya, mashirika ya kutunza wazee. Picha kama hii ikiwa na maneno haya inaweza kuuzwa kuliko picha zangu zote za maua." Hakuitaja ada ya mtoto, na hakuhitaji kuitaja.

Nilimwambia nitalala nalo. Nikalala nalo kweli, tena vibaya. Maana nitasema nini, ndugu msomaji? Maneno yale mawili hayakuwa uongo. Pale kwenye benchi, macho yakiwa yamefumbwa, nilikuwa nikimkumbuka mama yake, aliyefariki mwaka 2021. Alikuwa mtu wa maua. Nilikuwa nikiwaza angesema nini angeuona mtaa ule. Mashine ilikuwa imebahatisha, nayo ikapata. Kwa nini basi nilijisikia kama mtu aliyevuliwa kofia na mgeni?

Kabla ya alfajiri nilipata jibu, na halikunifurahisha. Mwaka 1987, nikiwa mwalimu mkuu, kijana mmoja aliyemaliza darasa la saba alikuja kuniomba barua ya kumtambulisha kwenye chuo cha ufundi. Alikuwa hodari wa mikono. Lakini miezi michache kabla yake alikuwa amekataa kwenda na wenzake kupalilia shamba la mwalimu mmoja saa za masomo. Alisema mbele ya watu kwamba hilo si shamba la shule. Mimi nilimuunga mkono mwalimu mwenzangu. Na katika ile barua, baada ya kumsifu kwa mistari mitatu, niliongeza neno moja: mkaidi. Halikuwa uongo. Alikataa, nasi tuliona akikataa. Hakupata nafasi. Miaka minne baadaye tulikutana sokoni, akanisalimia kwa heshima zote, shikamoo mwalimu, kisha akaniambia kwa upole, "Lile neno lako, Mwalimu, lilifika kabla yangu. Hata mlango sikufunguliwa."

Nilikuwa nimelisahau neno lile siku ileile nililoliandika. Yeye alikuwa amelibeba miaka minne. Hapo ndipo nilipoona kwamba ukweli wa neno hautoshi. Neno lililofungwa kwenye picha, au kwenye jina la mtu, husafiri kwenda mahali ambapo mwenyewe hayupo kulieleza. Ningekuwapo pale gazetini ningeweza kumwambia msomaji, "Ndiyo, nilikuwa na huzuni, lakini ni huzuni ya mtu aliyependwa miaka 46, tena nilikuwa namngoja binti yangu twende tukanywe chai." Picha haiwezi kusema hivyo. Itasema "mpweke" tu, mwaka hata mwaka, kwa yeyote atakayelipa. Na kijana wangu naye angekuwapo mezani kwa mkuu wa chuo angeweza kusema, "Nilikataa, na sababu ni hii."

Asubuhi nilimsimulia binti yangu habari yote, na ya mama yake nikaisema pia. Alilia kidogo. Kisha nikamwambia, "Picha ni yako, na kazi ni yako. Ukiona neno hilo libaki kwa ajili ya mtoto, sitakuzuia. Lakini umeniuliza, na jibu langu ni kwamba naomba ulitoe." Aliyatoa yote mawili. Mahali pake akaandika maneno niliyompa: kupumzika, asubuhi, utulivu, fimbo, kofia, petali. Alijua, nami nilijua, kwamba hayo yana wanunuzi wachache. Hadi nilipoondoka mwishoni mwa Mei picha ile ilikuwa haijauzwa hata mara moja. Ya tulipu na mayai ilikuwa tayari imeuzwa mara kadhaa.

Niliporudi Songea nilikwenda sokoni kumtafuta yule kijana wangu, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu na cherehani nne. Nilimkuta anapima kitambaa. Nikamwambia kwamba neno lile nililiandika vibaya, kwamba nilipaswa kuandika "ana msimamo", na kwamba naomba radhi. Aliendelea kupima hadi mwisho wa kitambaa, akatia alama kwa chaki, ndipo akaniangalia. "Mwalimu," akasema, "nilikwisha kushona nguo nyingi juu ya neno hilo. Lakini nashukuru umekuja kulichukua." Akaniagizia soda.

Mwezi Septemba mwaka uleule miyombo ya nyuma ya shamba langu ilianza kutoa majani mapya. Asiyeijua miti hii hushangaa, maana huchipua wakati ardhi ingali kavu kabisa, mvua zikiwa bado miezi miwili au zaidi mbele, na majani yake machanga huwa mekundu na ya rangi ya shaba kabla ya kugeuka kijani. Nimeishi nayo tangu utoto na sikumbuki kuwa niliwahi kuitaja darasani nilipofundisha majira. Mjukuu wangu aliipiga picha kwa simu ya shangazi yake aliyomwachia, tukakaa barazani, tukafanya kama mkufunzi wangu alivyonifundisha. Nilimwuliza, "Unaona nini hapa?" Nikaandika alivyosema: miyombo, majani mapya, mekundu, Songea, Septemba, vumbi, kabla ya mvua.

"Babu, na machipuko je?" akaniuliza. "Shangazi anasema wanunuzi hulipenda neno hilo."

Nilifikiri kidogo. Huku kusini mwa ikweta, Septemba ni mwezi wa machipuko hata kwa kalenda ya wenyewe wenye neno. Na miti ilikuwa inachipua mbele ya macho yetu.

"Liandike," nikamwambia, "lakini liwe la mwisho."